Mvuaji wa Fosfeti

Naomba msomaji akae vizuri, kwa sababu amekutana na mtaalamu. Katika kisiwa kizima cha Pemba, kuanzia Msuka kwetu mpaka Chokocho, sidhani kama yuko msichana wa kidato cha tano anayejua habari za fosfatezi za tairosini kunishinda mimi. Sijisifu. Utaalamu wenyewe niliupata kama adhabu, na siku ulipohitajika kweli ulishindwa na kitu kinachouzwa rafu ya chini kabisa dukani kwa Noorali.

Jambo lilikuwa hili. Bibi yangu, Bi Mwanapili, alikuwa na uvimbe kwenye titi la kushoto. Aliujua kwa muda, akaufunika kwa kanga kama anavyofunika sahani ya maandazi, akanyamaza. Mama aliugundua siku ya Idi walipokumbatiana. Tangu hapo nyumba nzima ilikuwa ikimsihi aende hospitali akapimwe, na yeye alikuwa akikataa. Hakuwa anaogopa sindano. Mwanamke huyu mtoto wake wa mwisho alimzaa akiwa peke yake nyumbani, kisha akainuka kwenda kuepua chungu kisiungue. Alichokataa ni kuvua.

Hospitalini kulikuwa na madaktari wawili wa kuangalia mambo hayo. Mmoja alikuwa mwanamume, na Bibi alimmaliza kwa "Astaghfirullahi" moja tu. Wa pili alikuwa Daktari Laila, na hapa ndipo shida ilipokuwa kubwa zaidi, kwa sababu Laila ni mtoto wa Msuka. Alisoma Kurani kwenye baraza ya Bibi, kama sisi sote. Baraza hiyo ina sheria yake, nayo kila mtoto wa Msuka anaisikia hata usingizini: "Vua viatu, keti, soma."

"Nimvulie Laila?" Bibi alimwambia Mama. "Mtoto niliyemfunza alifu kwa kijiti? Miye nilikuwa namwambia vua viatu, leo yeye aniambie miye vua nguo? Haliwi hilo."

Wakaja wajomba, wakasihi. Akaja shehe, akasema dini inaruhusu. Bibi akamshukuru shehe, akampa chai, akamwambia dini inaruhusu mambo mengi ambayo yeye hayafanyi, kwa mfano kula pweza. Baada ya hapo Mama aliishiwa na watu wazima. Akapiga simu skuli kuniombea ruhusa.

Mwalimu wetu wa biolojia na mlezi wa dahalia tunamolala, Maalim Othman, hakuamini. Simlaumu. Bibi zangu walikuwa wameugua mara nyingi katika maisha yangu ya skuli, hasa wiki za mitihani.

"Wewe ni mama yake kweli?" aliuliza kwenye simu, akinitazama kwa jicho moja. "Au ni Sakina wa kidato cha nne anajifanya?"

"Ni mimi, Maalim."

"Kama ni wewe, nitajie alichofanya muhula uliopita."

Mama akavuta pumzi, akaanza kutaja. Alitaja beji, akataja chumvi kwenye birika la walimu, akataja tangazo la ujio wa waziri, akataja na mengine ambayo Maalim alikuwa hajayajua bado. Maalim akawa anaandika. Mwishowe akasema, "Inatosha, mama. Nimekuamini," akanipa ruhusa, na pembeni akanipa adhabu nne za kurudi nazo.

Lazima nieleze hilo la beji, kwa sababu ndilo lililonitia katika sayansi.

Katika skuli yetu, beji ya ukiranja ni kipande cha kadi nyekundu kinachobanwa kifuani kwa pini. Kadi nyekundu zilikuwa tele stoo, na mimi nina mkono mzuri wa kukata. Basi asubuhi moja wasichana wote wa kidato cha kwanza waliamka wakakuta beji juu ya mito yao, pamoja na maneno ya pongezi kwa mwandiko uliofanana sana na wa mwalimu mkuu. Wakazivaa. Mpaka wakati wa uji, skuli ilikuwa imeharibika. Kila mtu anaamrisha, hakuna wa kuamrishwa. Foleni ilikuwa na wasimamizi watupu. Kengele ilipigwa na kila aliyepita karibu nayo. Darasa moja lilifagiliwa mpaka likaanza kutoka saruji, na bado alisimama mtu mlangoni akisema lifagiliwe. Mtoto mmoja alimwandika mwenzake jina kwa kosa la kumwandika yeye jina.

Maalim Othman hakunipiga. Alisimama katikati ya kiwanja, kofia imekaa upande, akatazama ile fujo kama mtu anayetazama shamba lake likiungua, kisha akasema polepole, "Yumna. Unajua ulichofanya? Umeitia skuli saratani."

Nilidhani ni tusi. Kumbe lilikuwa somo.

"Ndani ya seli," alisema, "kuna wanaovisha beji na wanaovua. Beji yao inaitwa fosfeti. Protini ikivishwa fosfeti mahali panapoitwa tairosini, inaanza kuamrisha: seli kua, seli gawanyika, kua tena. Kazi ikiisha, kinakuja kimeng'enya kinachoitwa fosfatezi, kinaivua ile fosfeti, na protini inarudi kukaa chini kwa adabu. Sasa wewe umevisha watu wote na hukuweka wa kuvua. Mvuaji akikosekana, seli haiachi kukua. Nenda kavue."

Nikavua. Nilishinda siku nzima nikiwafukuza watoto uwanjani. Madaraka ni matamu, wasomaji. Wengine walipanda miti. Mmoja alinipa beji yake huku analia, akaniuliza kama anaweza kubaki hata na pini. Na hilo halikutosha. Maalim aliniamuru nisome habari za fosfatezi na saratani mpaka niweze kuihutubia skuli nzima. Nilisoma, nikahutubia, nikapigiwa makofi na watu ambao hawakuelewa hata neno. Tangu siku hiyo nikajihesabu msomi.

Kwa hiyo Mama aliponiita nyumbani, akili yangu ilikuwa imeshaamua. Shehe alikuja na dini, wajomba walikuja na machozi. Mimi nitakuja na sayansi.

Nilimkuta Bibi nyuma ya nyumba amekaa kwenye mbuzi, anakuna nazi. Babu Ame alikuwa pembeni yake anafuma dema, yaani ule mtego wa samaki wa fito ambao kwake haumaliziki, kwa kuwa kila akikaribia kumaliza huamua kuufumua.

"Asalaam aleikum, Bibi. Shikamoo."

"Marahaba, mke mwenzangu. Umefukuzwa?"

"Nimeruhusiwa."

"Siku hizi ndivyo wanavyoita?"

"Mke wangu mdogo kaja!" alisema Babu. "Leo n'takula vizuri."

"Utakula nini, na mkeo mdogo anaunguza hata maji?" alisema Bibi, na akacheka, na mimi nikafurahi, kwa sababu mpango wangu ulihitaji acheke. Nilikuwa nimeambiwa nisiseme nimetumwa. Nilitakiwa nizungumze kwa mbali, kama mtu aliyekumbuka tu jambo la darasani, halafu nimlete kidogokidogo mpaka kwenye mlango wa daktari bila yeye kujua amefikaje.

Nikachukua vibanio vya nguo kwenye kamba. Nikambana Babu kimoja begani.

"Hii ni elimu tunayosoma," nilitangaza. "Babu ni protini."

"Nani kakwambia?" aliuliza Babu.

"Tuseme tu. Kibanio ni fosfeti. Babu akiwa hana kibanio, amelala. Akibanwa kibanio, anafanya kazi."

"Kumbe ndiyo dawa yake," alisema Bibi. "Miaka yote hii nilikuwa namsemesha bure."

"Sasa akifanya kazi bila kuachishwa, mambo yanaharibika. Seli zinakua tu, zinajaa. Ndipo anapokuja fosfatezi. Huyu kazi yake ni kuvua."

Babu akainua kichwa kutoka kwenye dema. Nilipaswa kujua. Ukisema neno hilo mbele ya mtu wa Msuka aliyeishi baharini, usitegemee afikirie kitu kingine.

"Anavua kwa mshipi au kwa dema?"

"Sio hivyo, Babu."

"Kama hapo ndani padogo, kwa mshipi. Dema halitaingia."

"Babu, si kuvua samaki! Ni kuvua kama kuvua nguo!"

Mkono wa Bibi ukasimama juu ya mbuzi. Nazi ikabaki imekunwa nusu. Kuku alipita kati yetu, akaangalia huku na huku, akaondoka.

"Aha," alisema Bibi. "Kumbe umetumwa."

Wajomba wangu walihitaji wiki nzima kuharibu mambo. Mimi nilitumia kitenzi kimoja.

"Rudi kwa waliokutuma," alisema, "uwaambie Mwanapili havui."

Hapo nilifanya walichofanya wasomi wote waliobanwa: nikaitupa elimu yangu nikajiokoa. "Bibi, nilikosea," nilisema. "Babu ndiye aliyepatia. Anavua kwa mshipi. Ni mvuvi. Ndani ya kila seli kuna mvuvi, anatoa fosfeti moja moja, anaitupa nje."

Babu akatingisha kichwa kwa kuridhika. Bibi akarudi kwenye nazi, na kwa sauti ya mtu asiyetaka kuonekana anauliza, akauliza: "Na akilala huyo mvuvi?"

"Fosfeti zinajaa. Protini inaamrisha bila kukoma. Uvimbe unakua."

"Na akiamka?"

"Anaweza kuuzuia."

Bibi akakuna nazi yote mpaka ikaisha. Akakung'uta kifuu. Kisha akasema, kwa utulivu wa mtu aliyeshinda kesi, "Basi ndiyo hivyo. Miye n'na mvuvi wangu humo ndani, kachoka tu. N'tamsomea dua apate nguvu. Laila wa nini?"

Nikambandua Babu kibanio begani. Nikakirudisha kwenye kamba.

"Hapo kakushinda, mke wangu," alisema Babu.

Kweli alikuwa amenishinda. Kabla sijafika, Bibi alikuwa hana sababu ya kubaki nyumbani ila haya. Sasa alikuwa na haya na ushahidi wa kisayansi, na wa pili nimemletea mimi kwa mkono wangu. Mama alipotoka shamba na kusikia, alikaa kizingitini akashika kichwa. "Maalim wako," alisema, "yeye anakuvumilia vipi?"

Nilikwenda kulala nikiwa na hasira na lugha ya Kiswahili, ambayo ina maneno mengi na bado imeona bora mvuvi na mtu anayevua shati wagawane moja.

Asubuhi niliamshwa kwa namna ambayo Bibi amewaamshia watu wote wa nyumba hii: bila neno la onyo alilishika shuka langu kwa pembe mbili akalivuta lote.

"Amka! Sala itakupita!"

Nikaruka nikakaa. Nilikuwa macho kabisa, baridi imenishika, na hapo hapo, kabla hata sijafikicha macho, nikakumbuka nusu ya somo niliyokuwa nimeisahau. Ilikuwa nusu ngumu. Siku ya kuhutubia niliisoma haraka haraka ili watu wasiulize.

"Bibi! Umenivua shuka!"

"Ndiyo, na n'takumwagia na maji."

"Umenivua, na mimi nimeamka!"

"Ulitaka ulale?"

"Bibi, kaa kidogo. Jana nilikwambia akivua, protini inalala. Ni kweli, nyingi ziko hivyo. Lakini ziko nyingine zinalala kwa sababu zimefunikwa. Fosfeti yake ni kama shuka. Akija mvuaji akaivua, anaiamsha, na ikiamka inaamrisha seli zikue. Mvuaji wa namna hiyo hauzuii uvimbe. Anausaidia."

Bibi alikuwa bado ameshika shuka. Alikaa ukingoni mwa kitanda.

"Wavuvi wawili?"

"Wako wengi. Wengine wanatulinda. Wengine mambo yakiharibika wanakuwa upande wa uvimbe. Kazi ni ile ile, kuvua tu. Ila inategemea anayevuliwa."

"Kwa hiyo hii dua niliyosoma jana ya kumpa nguvu..."

"Sijui umempa nani, Bibi."

"Astaghfirullahi. Wangu ni yupi?"

"Sijui."

"Mtu mzima na skuli yake ya kulala huko huko, hajui?"

"Sijui, Bibi. Hata huo uvimbe kama ni saratani sijui. Inawezekana si kitu. Hakuna anayejua mpaka utazamwe."

"Laila anajua?"

"Hata Laila hajui mpaka atoe kinyama kidogo kipelekwe kupimwa."

Nilisubiri aniambie nimekuja kutoka skuli kumwambia kwamba sijui, na kweli hakuna sentensi iliyowahi kunigharimu kama ile ya kusema sijui. Lakini hakusema hivyo. Alilikunja shuka langu vizuri, kona kwa kona, akaliweka juu ya mto.

"N'takwenda kumuuliza," alisema. "Kuuliza tu. Kuvua sivui."

Siku ya kwenda, Bibi alitoka chumbani amevaa kana kwamba anahamia huko. Gauni juu ya gauni, kanga ndani ya kanga, buibui juu ya vyote, ushungi umefungwa chini ya kidevu, na kila mahali nguo mbili zilipokutana palikuwa na pini. Babu alimzunguka akimkagua kama mtu anayekagua chombo cha baharini kilichozibwa kwa kalafati.

"Hapa hata maji hayapiti," alisema.

"Ndiyo maana yake," alisema Bibi.

Ndani ya mkoba wangu nilikuwa na vibanio, karatasi yenye mchoro wa seli, na hotuba. Hotuba ilianza na maneno "Mheshimiwa Daktari" na ilikuwa na sehemu ya kuomba hospitali itafute daktari wa tatu, mwanamke, ambaye hakusoma Msuka.

Tuliitwa. Niliingia mimi mbele, nikasimama katikati ya chumba. Daktari Laila alikuwa ameinamia meza, koti jeupe, miwani, anaandika. Bibi alibaki mlangoni, mkono mmoja kwenye ushungi.

"Mheshimiwa Daktari," nilianza.

Daktari Laila aliinua macho. Hakuniona mimi. Aliona nyuma yangu. Akasimama haraka mpaka kiti kikagonga ukuta, akainama, na kabla hajasema hata salamu akavua viatu vyake, kimoja baada ya kingine, akaviweka pembeni ya ukuta, vimeshikana, visigino nyuma, vile tunavyoviweka sote kwenye baraza ya Bibi. Kisha akasimama kwenye sakafu ya vigae na soksi zake, mikono imeshikana mbele.

"Shikamoo, Bi Maalim."

"Marahaba." Bibi alikuwa anatazama chini. "Mbona unavua viatu mahali pako pa kazi?"

"Sijui, Bi Maalim. Miguu imevua yenyewe."

"Soksi imetoboka."

"Naam, Bi Maalim."

"Kidole gumba kimetoka."

"Naam."

"Daktari mzima."

"Naam, Bi Maalim."

Niligeuka kumtazama Bibi. Midomo yake ilikuwa imekazwa, na nilidhani anakasirika, mpaka nikaona mabega. Alikuwa anacheka. Alicheka kimya kwa muda mrefu, buibui lote likitikisika, na Daktari Laila naye akaanza, ameficha mdomo kwa kiganja kama mtoto wa chuo cha Kurani anayeogopa kijiti. Mimi nikabaki katikati yao na hotuba yangu mkononi, sina pa kuiweka.

Kisha Bibi akaingia ndani, na yeye akavua viatu vyake, akaviweka karibu na vya Laila.

"Funga mlango, Laila," alisema. "Yumna, weye si ndiye mvuaji? Njoo uvue pini hizi. Miye n'shazifunga, kufungua siwezi."

Alinyanyua kidevu akaningoja, mwanamke ambaye mkono wake nimeuona ukichinja, ukipakua, na ukinichapa. Nikaanza na pini ya chini ya kidevu. Beji za kidato cha kwanza zilikuwa chache ukilinganisha na zile pini. Kila nilipovua moja nilikuta nyingine imeilinda. Laila alikuwa amesimama pembeni anasugua viganja vipate joto, bila kutuharakisha, na Bibi alikuwa akiniongoza, "Hapo. Hapana, chini yake. Polepole, si kuku huyo," mpaka ikabaki kanga moja nyembamba, ambayo aliivua mwenyewe.

"Weye tazama ukuta," aliniambia.

Nikatazama ukuta. Ulikuwa na picha ya mtoto ananyonyeshwa. Naijua picha hiyo sasa kuliko ramani ya Afrika.

Nikiwa nimeelekea ukutani niliona bado kuna nafasi ya kuokoa heshima yangu. "Daktari," nilisema, "kwa maoni yangu suala lenyewe huenda ni fosfatezi za tairosini."

"Inawezekana, mwanangu," alisema Laila nyuma yangu, kwa upole uliouma kuliko kofi. "Lakini hapa hatupimi hizo. Tunachukua kinyama, kinatazamwa seli zake, tunajua kama ni saratani na ni ya aina gani. Hizo zako wanazishughulikia wenye maabara kubwa, wanatafuta dawa ya kuzizima baadhi na kuzilinda nyingine. Bi Maalim, nikigusa hapa inauma?"

"Haiumi. Kinachouma ni baridi ya vidole vyako."

Hivyo ndivyo utaalamu wangu ulivyomaliza kazi yake, umeelekezwa ukutani.

Majibu yalipokuja yalisema ni saratani. Nimetafuta mzaha wa kuweka hapa na sikuupata. Mama alilia jikoni. Babu alilifumua lile dema lote, akalianza upya toka mwanzo. Bibi aliuliza swali moja tu, kama imechelewa, na Laila akamwambia haijachelewa, imewahiwa, lakini isingengoja Idi nyingine. Bibi akavuka bahari kwenda kukatwa uvimbe. Akarudi amekonda, mkali zaidi, na akaanza kupewa dawa nyingine ambazo zilimnyima hamu ya kila kitu isipokuwa kunisema.

Mara ya mwisho niliporuhusiwa (Maalim Othman sasa ananiruhusu bila mtihani, jambo ambalo limeniharibia raha yote ya kudanganya) nilimsindikiza kwa Laila kuangaliwa. Tulipita kwanza dukani kwa Noorali. Bibi aliomba soksi. Noorali akaleta za rafu ya juu, Bibi akazikataa, akamwelekeza zile za chini kabisa, nyeusi, nene. "Hizo hazitoboki," alisema. "Ni za daktari."

Nje ya chumba cha Laila kuna benchi refu, na siku hiyo lilikuwa limejaa wanawake. Niliporudi kutoka kumtafutia Bibi maji nilimkuta ameshaligeuza darasa.

"Mwilini mna wavuvi," alikuwa akiwaambia. "Wako wema, na wako wezi wa madema ya watu. Na wote wanavua vile vile. Sasa weye kaa nyumbani umsomee dua, hujui unamtia nguvu nani."

"Nani aliyekwambia haya, Bi Mwanapili?"

"Mjukuu wangu huyu. Kasoma."

Benchi zima likanigeukia kwa heshima. Nilijiona nawajibika. Nilikuwa nimeshaandaa sentensi ya kueleza kwamba fosfatezi ni vimeng'enya, kwamba dema halihusiki, na kwamba sayansi haijawahi kutaja mwizi. Pembeni ya Bibi alikuwa amekaa mama mmoja kutoka Mgogoni, ambaye tangu tufike alikuwa ameshikilia buibui lake kifuani kwa mikono miwili, na mara mbili alikuwa ameinuka kuondoka akakaa tena.

"Na huyo daktari," alimuuliza Bibi kwa sauti ndogo, "ni kweli anavua viatu?"

"Kwangu alivua. Kwako sijui, muulize. Ila mwambie soksi zake mpya n'nazo miye."

Mlango ukafunguliwa, jina la yule mama likaitwa. Akasimama. Akachukua hatua, akasita, akanigeukia mimi, msomi.

"Mwanangu, hao wavuvi. Wanavua kwa mshipi au kwa dema?"

Nilimfikiria Maalim Othman. Nilifikiria maabara zote kubwa za dunia. Bibi alikuwa ananitazama.

"Kwa mshipi, mama," nilisema. "Humo ndani padogo."

Akaitikia kwa kichwa, akavua viatu vyake, akaingia.